NGAZI ZA MAFUNZO YA URUBANI: MAELEZO KWA VIJANA NA WAZAZI WA WILAYA ZA MBULU NA HANANG

Kijana wa Mbulu au Hanang aonaye ndege ndogo ikitua Haydom, penye hospitali, aweza kutamani kuwa rubani. Tamaa hiyo ni njema. Lakini mzazi aweza pia kuuza mifugo ili alipie mafunzo ambayo mwisho wake ni cheti cha kuhudhuria tu, wala si leseni. Maelezo haya yanakusudia kubainisha tofauti hiyo.

1. Mafunzo ya vijana

Nchini Uingereza, chama cha makadeti wa anga kilichoanzishwa mwaka 1941 huwapandisha vijana kwa madaraja: Kadeti wa Daraja la Kwanza, Kadeti Kiongozi, Kadeti Mwandamizi na Kadeti Bingwa. Hata hivyo, Kadeti Bingwa hawi rubani mwenye leseni kwa sababu ya daraja hilo. Hapa Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa limewafunza vijana ukakamavu na uzalendo tangu mwaka 1963. Mafunzo hayo nayo hujenga nidhamu. Hayatoi leseni ya kurusha ndege.

2. Ngazi za leseni

Leseni za urubani nchini hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Chuo hufundisha, Mamlaka ndiyo itoayo leseni. Viwango vya chini vilivyowekwa kimataifa na ICAO ni hivi:

(a) Rubani mwanafunzi: huruka chini ya usimamizi wa mkufunzi, wala haruki peke yake bila idhini yake.

(b) Rubani binafsi: umri usiopungua miaka 17 na saa 40 za kuruka, ambazo 10 kati yake ni za kuruka peke yake. Mwenye leseni hii haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege.

(c) Rubani wa biashara: umri usiopungua miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Hii ndiyo ngazi ya kwanza impayo mtu haki ya kupokea mshahara wa urubani.

(d) Rubani wa ngazi ya juu ya usafirishaji: umri usiopungua miaka 21 na saa 1,500. Leseni hii huhitajiwa na nahodha wa ndege kubwa za abiria.

Kila ngazi kuanzia ya rubani binafsi ina mitihani ya nadharia, kama vile sheria za anga na hali ya hewa, pamoja na jaribio la kuruka mbele ya mtahini.

3. Afya na lugha

Rubani binafsi huhitaji cheti cha afya cha Daraja la 2. Rubani wa biashara huhitaji Daraja la 1, lenye masharti makali zaidi. Vyeti hivyo hutokana na uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Aidha, rubani anayeruka kimataifa na kutumia Kiingereza katika redio hupimwa lugha hiyo kwa ngazi 1 hadi 6, naye sharti afikie ngazi ya 4.

4. Kazi nyingine za anga

Si lazima kila mwenye kupenda ndege awe rubani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege. Chuo cha Usafiri wa Anga (CATC), kilicho chini ya TCAA, hufundisha uongozaji wa ndege.

5. Ushauri

Wazazi wanashauriwa kufuata utaratibu huu: kwanza, kijana atilie mkazo Hisabati, Fizikia na Kiingereza, pili, apimwe afya kwa Daraja la 1 kabla ya kulipa ada yoyote, tatu, mzazi athibitishe kwa TCAA kwamba chuo kimeidhinishwa, na aulize kwa maandishi kozi inaishia katika leseni ipi. Watumishi wa kata na walimu wanaombwa kuwasomea wananchi maelezo haya. Kasoro ya macho ikigunduliwa mapema, familia hubaki na ng'ombe wake, na kijana hubaki na muda wa kuchagua kazi nyingine.