Bei ya Bunduki Moja Kavimvira

Mradi wa kununua bunduki ukifika kwetu Kavimvira, hapa Uvira, mitaani wataulizana kwanza: wanatoa ngapi? Ni swali la haki kwa mtu mwenye njaa. Lakini bei inayotangazwa ni kipande tu cha gharama.

PAREC, mradi wa makanisa ulioongozwa na Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, ulitoa baiskeli kwa bunduki kule Katanga, na Goma ukatoa dola 50 taslimu. Mwenye bunduki atapenda dola. Mimi ningechagua baiskeli: jirani wanaiona, inabeba mihogo kutoka bonde la Ruzizi, na kuigeuza kuwa silaha nyingine si kazi ya siku moja.

CONADER, tume ya taifa ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, iliwalipa wapiganaji wetu dola 110 wakitoka kambini, kisha 25 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 410. Mpango mzima ulikadiriwa dola milioni 200 kwa watu 150,000, yaani kama 1,333 kwa kila mmoja. Zile 900 na zaidi ambazo hazikufika mkononi si lazima ziwe zimeibwa, maana kambi, malori, chakula na mafunzo ya ufundi vyote vina bei. Ila raia anastahili kuoneshwa hesabu yake kwenye karatasi. Jambo moja nalisifu: malipo ya mwezi yalipitia Celpay, kwa simu, na simu huacha kumbukumbu. Pesa za kuhesabiwa mezani huacha sahihi tu, na sahihi yeyote anaweza kuiandika.

Tazama Liberia. Katika mpango wao wa kusalimisha silaha, kila aliyejisalimisha aliahidiwa dola 300, hata kama alileta risasi bila bunduki. Walijitokeza zaidi ya watu 103,000, bunduki zikapatikana kama 28,000. Gawanya mwenyewe: kila bunduki iligharimu takriban dola 1,100 kwa posho peke yake. Ndiyo maana mradi unaolipa dola 50, ukidai chombo kinachofyatua na kuandika namba yake, unaweza kuushinda kwa faida ule wenye ahadi nono.

Kwetu kuna jambo la mpaka. Ukivuka kituo cha Kavimvira uko njia ya Gatumba na Bujumbura. Upande mmoja ukilipa na wa pili usilipe, bunduki zitavuka kufuata soko, na bajeti itakwisha huku silaha za milimani juu ya Uvira hazijaguswa. Kongo na Burundi zote zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo. Basi zikubaliane bei kabla ya kufungua meza.

Kabla mtaa haujakubali, kamati ya mradi ijibu: bunduki mbovu inalipwa sawa na nzima? Nani analinda ghala? Zitaharibiwa siku gani, mbele ya nani? Bunduki ikitoroka ghalani tutainunua mara mbili, na safari ya pili huenda mtu amekwisha kufa kwayo.

Na baba aliyekabidhi silaha yake atalala vipi wezi wakipita usiku? Bajeti isiyo na fungu la doria ya polisi ningeikataa, hata ikitoa dola 100 kwa bunduki. Yenye baiskeli, doria, na daftari la namba lililobandikwa ofisi ya kartie, ningeipokea hata kama jumla yake ni kubwa zaidi.