Volti Pinzani na Kudhoofisha Uga wa Sumaku katika Mota

Mota ya sumaku za kudumu ikiwekewa sumaku zenye nguvu zaidi, betri ikiwa ileile, je, kasi yake ya juu kabisa itaongezeka au itapungua? Jibu linalokuja haraka ni “itaongezeka”. Usiliandike.

Katika mota hii sumaku ziko kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka. Koili ziko kwenye stata, ambayo imetulia. Rota inapozunguka, uga wa sumaku hukata koili, na kwa mujibu wa sheria ya Faraday volti huzalishwa humo. Sheria ya Lenz inakupa uelekeo wake: hupinga volti ya betri, ndiyo maana tunaiita volti pinzani. Huongezeka kasi inapoongezeka, na huwa kubwa zaidi uga ukiwa na nguvu. Ikilingana na volti ya betri, hakuna kinachobaki cha kusukuma mkondo, na kasi haipandi tena.

Mfano. Mota ya pikipiki hutumia betri ya volti 48. Kwa kila mizunguko 100 kwa dakika huzalisha volti pinzani 4. Ukipuuza ukinzani wa koili na msuguano, kasi ya juu ni 48 ÷ 4 × 100 = mizunguko 1200 kwa dakika. Punguza uga kwa robo: volti 4 zinakuwa 3, na kasi ya juu inakuwa 1600. Lakini kwa mkondo uleule, nguvu ya kuzungusha nayo inabaki robo tatu. Kwa hiyo uga haudhoofishwi wakati wa kuondoka au kupanda mlima.

Sumaku ya kudumu haina swichi, sasa inadhoofishwaje? Sehemu ya mkondo wa stata huelekezwa ili uga wake upingane na uga wa sumaku. Mkondo huo hupasha koili joto.

Hapa umbo la rota ni muhimu. Sumaku, kwa uga wa koili, hupitisha karibu sawa na hewa. Zikibandikwa juu ya rota, ni kama pengo pana, na mkondo mkubwa unahitajika kuzipinga. Zikizikwa ndani ya chuma, uga wa koili hupata njia rahisi na mkondo mdogo hutosha. Toyota Prius ya 2010, yenye sumaku zilizozikwa kwa umbo la V, mota yake hufika mizunguko 13,500 kwa dakika.

Jaribu. Mota ya mfano wetu iko kwenye mizunguko 1600, uga ukiwa umedhoofishwa. Ghafla mkondo wa kudhoofisha unakatika. Tafuta volti pinzani.

Jibu: 4 × 16 = volti 64. Imezidi betri kwa volti 16. Mkondo unaweza kurudi kwenye betri na kuifunga rota breki, na swichi za kielektroniki zisizohimili volti hiyo zinaweza kuungua.