Unguja hadi Pemba kwa Ndege: Nusu Saa ya Nani?

Ukiuliza kutoka Unguja hadi Pemba kwa ndege ni muda gani, utajibiwa, "Nusu saa tu." Jibu hilo linamtosha rubani, lakini msafiri akilitegemea huenda likamponza. Hebu tufanye hesabu.

Kwanza, masafa. Kati ya uwanja wa ndege wa Unguja na ule wa Pemba, ulioko karibu na Chake Chake, ni kiasi cha kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na kila moja ni mita 1,852. Kwa hiyo kwao ni kama maili 67 na nusu.

Pili, mwendo. Tuchukue ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa. Gawa 125 kwa 300, kisha zidisha kwa 60: utapata dakika 25. Ongeza dakika chache za kutembea uwanjani kabla ya kuruka na za kujipanga kutua, ndipo inapotimia nusu saa.

Tatu, upepo. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja, hivyo kusi humsukuma anayekwenda na humpinga anayerudi, kama wajuavyo manahodha wetu. Tuseme kusi inavuma kilomita 40 kwa saa, moja kwa moja kwenye njia ya ndege. Kwenda, mwendo ni 340, dakika 22. Kurudi ni 260, dakika 29. Jumla ni 51, wala si 50! Faida ya kwenda haikufidia hasara ya kurudi, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga.

Sasa tuje kwa msafiri. Mtu wa mjini Unguja amepata habari ya msiba Wete. Ndege inaondoka saa 9:00 alasiri, naye anapiga simu: "Nisubirini, nusu saa nimefika." Jamaa wanapanga maziko saa 10:30. Lakini tazama:

- Kutoka nyumbani: saa 7:30
- Kufika uwanjani, saa nzima kabla ya ndege: saa 8:00
- Kuruka: saa 9:00
- Kutua: saa 9:30
- Kupata mizigo na gari: saa 9:45
- Kufika Wete, kwa mwendo wa kama saa moja: saa 10:45

Safari nzima ni saa tatu na robo, na angani ni nusu saa tu. Ama atayakosa maziko, ama jeneza litacheleweshwa kwa ajili yake, nasi tumefundishwa kuharakisha kumzika maiti. Angalihesabu mlango kwa mlango, angewaambia ukweli, nao wangeamua wakiwa na habari kamili.

Tusichanganye basi masafa na muda. Hata katika fiqhi, kwa madhehebu ya Imam Shafii, ruhusa ya msafiri kupunguza Sala hutazama masafa, kiasi cha kilomita 80 na zaidi, ingawa atayakata kwa muda mfupi. Masharti yake muulize mwalimu wako.

Siku nyingine ukiulizwa "utafika saa ngapi?", anza kuhesabu kutoka mlangoni kwako. Wabillahi tawfiiq.