Kwa Nini Mbegu ya Zamani Huchelewa Kuota?

Msikilizaji, mbegu kavu ya mahindi huonekana kama kitu kisicho na uhai, kumbe ni hai. Ndani ya seli zake kuna DNA, yaani vinasaba vinavyobeba maelekezo yote ya mmea. Joto na unyevu wa ghalani huviharibu kidogo kidogo, na mbegu ikiwa kavu haiwezi kuvitengeneza ipasavyo.

Ikipata maji, kazi huanza. Protini maalumu ndani ya seli huunga vinasaba vilivyokatika. Seli husubiri, hazigawanyiki mpaka matengenezo yafanyike, ili kasoro zisirithiwe na seli mpya. Ndiyo maana mbegu ya zamani huchelewa kuota. Uharibifu ukizidi, huozea udongoni.

Ukavu huilinda mbegu. Huko Israeli, mbegu ya mtende yenye umri wa miaka ipatayo 2,000, iliyopatikana Masada, eneo la jangwa, ilipandwa mwaka 2005 ikaota.

Kwa hiyo kausha mbegu vizuri, uihifadhi mahali pakavu pasipo na joto. Kabla ya msimu, otesha mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chache, tafuta nyingine kabla mvua hazijaanza.