Video za Nyumbani: Tuzitunze Wapi?

Akina mama wengi siku hizi huhariri video nyumbani: arusi, ubatizo, nyimbo za kwaya, hata wosia wa bibi. Saa moja ya video ya simu yaweza kujaza gigabaiti 8, na kompyuta hujaa upesi. Tununue nini kwa fedha kidogo?

Diski ya SSD ina kasi nzuri ya kuhariri, lakini kwa nafasi ileile ni ghali kuliko diski inayozunguka. Basi tuhariri kwenye SSD ndogo, kisha kazi iliyokwisha tuihamishie kwenye diski inayozunguka ya terabaiti 1. Flashi tuitumie kubebea tu.

Hata hivyo, mpendwa msomaji, diski moja haitoshi. Kwa familia za kisiwani Rukuba kila kitu huvuka ziwa. Diski ikianguka au ikilowa, sauti ya bibi imepotea. Yusufu hakuweka nafaka yote ya Misri mahali pamoja, bali katika kila mji (Mwanzo 41:48). Nasi tununue diski mbili za bei nafuu: moja ibaki kisiwani, ya pili ikae kwa ndugu Musoma mjini. Njiani tuifunge ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana.