KUHAMISHA HESABU YA WAGENI WA TOVUTI: MAKABIDHIANO KWANZA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Mshika ghala anapobadilishwa, mali huhesabiwa mbele ya anayetoka na anayeingia, na hati ya makabidhiano hutiwa saini na wote wawili. Hakuna chama kinachokubali ufunguo wa ghala upite mkono kwa mkono bila ya hesabu. Lakini inapokuwa tovuti, utaratibu huu mara nyingi husahauliwa, na hasara yake ni ya kweli.

Chama kimoja cha akina mama wa kusini ya Unguja, wanaouza sabuni ya mwani na viungo, kilihamisha seva yake ya kuhesabia wageni ili kupunguza ada. Seva mpya ikaanza kazi, lakini ile ya zamani haikuondolewa katika kurasa. Kila agizo likahesabiwa mara mbili. Kamati iliona maagizo yamezidi maradufu, ikatoa fedha ya akiba kununua vifungashio vya msimu mzima. Nilipofika kukagua, daftari la mauzo lilisema lake na tarakimu za tovuti zilisema lake. Hapakuwa na mwizi. Hata hivyo wanachama walikwisha kunong'onezana, na katibu alikwisha andika barua ya kujiuzulu.

SEVA YA KUHESABIA NI NINI?

Kwa njia ya kawaida, mtu akifungua tovuti yenu akiwa London au Forodhani, simu yake hupeleka habari moja kwa moja kwa kampuni ya takwimu, kama vile Google. Kwa njia ya seva, habari hufika kwanza katika seva ya chama, huchujwa, na yale tu ambayo chama kimeridhia ndiyo hupelekwa mbele. Seva hii huwa na anwani yake ndogo chini ya jina la tovuti yenu. Mkibadilisha mtoa huduma, anwani hiyo ndiyo huelekezwa kwenye seva mpya.

HATUA ZA KUFUATA

1. Jina la tovuti na akaunti zote ziwe kwa jina la chama, si la kijana aliyewatengenezea. Nywila zihifadhiwe na katibu pamoja na mwenyekiti.

2. Andikeni orodha ya vinavyohamishwa: anwani ndogo, nakala ya mipangilio ya seva, kumbukumbu za ridhaa za wageni, na majina ya makampuni yanayopelekewa habari.

3. Mitambo ya intaneti hukumbuka anwani ya zamani kwa muda uliowekwa, pengine siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama, fundi apunguze muda huo uwe dakika 5.

4. Ijaribuni seva mpya kwa agizo moja la majaribio, ambalo lazima lionekane mara moja tu. Tazameni pia nchi ya mgeni: seva isipopitisha anwani ya mgeni, wote wataonekana wanaishi ilipo seva. Tazameni na saa: seva nyingi hufuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Agizo la saa 8 usiku litaandikwa la saa 5 usiku, siku iliyotangulia.

5. Msihame Julai wala Agosti, watalii wanapokuwa wengi. Iacheni seva ya zamani siku 3 ipokee waliochelewa, lakini kila ukurasa upeleke habari mahali pamoja tu. Kisha ifungeni.

6. Kila wiki linganisheni tarakimu na daftari la mauzo na stakabadhi za fedha. Zikitofautiana, daftari ndilo litakaloaminiwa mpaka sababu ijulikane.

Jambo moja huwatisha wengi. Tangu mwaka 2023, simu za iPhone hulinganisha anwani ya nambari ya seva ya kuhesabia na ile ya tovuti yenyewe. Nusu ya kwanza ya nambari hizo isipofanana, alama ya kumtambua mgeni, iitwayo kidakuzi, hufutwa baada ya siku 7. Basi mteja anayerudi baada ya wiki tatu atahesabiwa kuwa mgeni mpya. Kupungua huko si kupotea kwa wateja, na kamati isimlaumu mtu kabla ya kuuliza.

SHERIA

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo, ulizeni seva mpya iko nchi gani kabla ya kutia saini. Mnaowauzia watu walioko Ulaya mkumbuke pia kanuni zao, zinazotumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Mtoa huduma wa zamani naye aandike barua kwamba amefuta taarifa zote zilizobakia kwake.

Ndugu zangu, chama nilichokitaja kiliweka mambo sawa katika mkutano mmoja, baada ya daftari kusomwa mbele ya wanachama wote. Vifungashio vilitumika msimu uliofuata, na katibu akairudisha barua yake mfukoni. Lakini fedha ya akiba ililala ghalani miezi mingi, kwa kukosa karatasi moja ya makabidhiano. Chama kinachokusudia kuhama, karatasi hiyo na iandikwe kwanza.

Wenu katika ushirika,
Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Unguja