Tindo Inayostahimili Nyundo

Mnunuzi wa tindo huuliza kama ni ngumu. Hiyo ni nusu ya swali. Ugumu ni uwezo wa chuma kutobonyea wala kukwaruzika. Ushupavu ni uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka, na aghalabu kimoja kikizidi, kingine hupungua. Chuma cha pua cha D2, chenye kaboni asilimia 1.5 hivi na kromiamu 12, hupita 60 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Kukatia bati, ni hodari. Kukitengenezea tindo ni kukionea: ncha itamegeka.

Kundi la S la vyuma vya pua lilibuniwa kwa ajili ya mapigo, na kaboni yake ni nusu asilimia hivi. Ninayoipendekeza zaidi ni S7. Kromiamu yake ya asilimia 3 na kitu, pamoja na molibdeni kidogo, huiwezesha kuwa ngumu kwa kupozwa hewani tu kama si nene mno, kwa hiyo haipindi sana wala kupata nyufa kirahisi.

Hupashwa kwanza hadi nyuzi 650 au 700 za Selsiasi ili joto lifike kiini, kisha hupandishwa hadi 940 hivi, ikatolewa ipoe. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kipande kinaonekana kimekamilika, kumbe kimejaa mkazo wa ndani. Kikilazwa hivyo hadi asubuhi, chaweza kupasuka bila kuguswa na mtu. Kirudishwe tanurini kingali na uvuguvugu, kwa nyuzi 200 hivi, kisipungue saa mbili. Ugumu utashuka kidogo, hadi 57 au 58, nacho kitapata ushupavu tuliokuwa tukiutafuta. Kwa kazi za kugusa vyuma vya moto, badala ya nyuzi 200, hupashwa tena kwa nyuzi 500 na zaidi, mara mbili.

Kichwa kinachopigwa kiachwe laini kuliko ncha. Kilicho laini hubapa; kigumu hurusha vipande, na vipande hivyo huelekea machoni. Wakati wa kunoa, ukiona rangi ya buluu, makali yamefika nyuzi 300 hivi na yameanza kulegea.

Mafundi wanaofua tindo kutokana na springi za magari wako karibu na kundi la S kuliko wanavyodhani: baadhi ya springi hizo zina silikoni na manganizi zinazokaribiana na za S5 ya kundi hilo. Ila hizo zikipoa hewani hazifikii ugumu unaotakiwa. Zichovywe kwenye oili, kisha zipashwe tena siku hiyohiyo.